Nanyi Karibuni Kwetu

Kiti kilikuwa kimevutwa. Hilo tu, wala si jambo la kumtoa mtu roho. Kile kiti cha mbao cha chumba cha wageni, ambacho siku zote hukaa kimesukumwa hadi mwisho chini ya kimeza cha dirishani, sasa kilikuwa kimetolewa na kugeuzwa kutazama mlango, kama anavyokaa mtu anayesubiri kuletewa maji ya kunywa.

Bi Samahani alisimama kizingitini, kofia ya safari ingali kichwani na mchanga ungali katikati ya vidole vya miguu. Alikitazama kiti. Kisha akafanya jambo ambalo katika mtaa mzima angelifanya yeye peke yake: akasema "samahani" na kuufunga mlango taratibu.

Jina hilo walimpa majirani, na hawakumwonea. Alikuwa mwanamke wa kumwomba radhi hata stuli aliyojigonga nayo. Nyumbani kwake mwenyewe alipiga hodi, funguo mkononi, hata akijua fika kwamba ndani hakuna mtu. Ukimuuliza atakwambia si vizuri kuingia mahali ghafla. Kazini, kwenye kliniki ya meno alikokuwa mpokezi, daktari alimkanya mara nyingi asiwaambie wagonjwa "karibu tena", kwa sababu mtu aliyetoka kung'olewa gego hapendi kabisa kusikia maneno hayo. Alijaribu kuacha. Mdomo ulikataa.

Siku hiyo walikuwa wametoka kisiwani.

Mumewe aliitwa Kapteni, ingawa hajawahi kushika usukani wa chombo chochote majini wala nchi kavu. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni wa safari za siku moja: kusimama mbele yao na kipaza sauti, kuwaonyesha wanachokiona tayari, na kuwarudisha jioni wakiwa wamechomwa na jua na wamefurahi. Kile kisiwa ndicho kilichokuwa kikileta wateja. Kisha tangazo lenye muhuri likabandikwa kwenye lango la gati: wananchi na wageni wanashauriwa kutokwenda kisiwani mpaka itakapotangazwa vinginevyo, kwa sababu za kiusalama. Ni usalama gani, tangazo halikusema.

"Gati ya kule imeoza," Kapteni alieleza nyumbani. "Basi. Watu wanakuza mambo."

"Gati ikioza hutengenezwa," alisema dada yake, yule ambaye Bi Samahani humwita Wifi. "Haiwekewi muhuri. Hapo kuna neno."

Wifi alikuwa msusi, na kwa kuwa vichwa vyote vya mtaa vilipita mikononi mwake, hakuwa akimwamini mtu yeyote. Hata hivyo alipanda boti, maana ilikuwa bure. Wateja wote walikuwa wamejitoa, na tajiri wa Kapteni akaja na ujanja: wapelekwe ndugu na jamaa, wapigwe picha wakicheka, picha zisambazwe, watu waone kisiwa hakina neno. Wifi alicheka kwenye kila picha, jaketi la kujiokolea limefungwa mpaka kidevuni, macho yake yakimkagua nahodha wa boti kana kwamba ana mpango wa kumuuza.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kizuri, tusikisingizie. Njia za mawe, nyumba za watu waliohama zamani zikiwa zimedondoka mapaa, ukimya mzito. Kati ya magofu hayo ilibaki nyumba moja nzima. Milango ilikuwapo, madirisha yalikuwapo, na baraza lake lilikuwa safi. Mbele ya nyumba hiyo Kapteni alizima kipaza sauti na kuongea kwa mdomo mtupu.

"Ndani msiguse kitu, msichukue kitu, na tusiongee. Kuta ni za zamani, sauti zinaziumiza."

"Tangu lini ukuta ukaumwa na sauti?" Wifi akauliza.

Kapteni alicheka kile kicheko cha kazini, akawatangulia.

Sebuleni mlikuwa na viti vilivyozunguka meza fupi. Hapakuwa na vumbi. Sakafu ilikuwa na michirizi ya ufagio, mipya, kama vile mwenye nyumba ametoka kufagia akaingia jikoni. Hewa ilinuka chokaa mbichi na maji ya kisima. Walitazama, wakapiga picha, wakatoka mmoja mmoja kwa kunyata, na Bi Samahani akawa wa mwisho.

Pale mlangoni dhamiri ilimsuta. Kuingia nyumba ya watu, kuichungulia vyumba vyote, kisha kuondoka kama wezi? Hakulelewa hivyo. Akageuka, akainama kidogo, akanong'ona maneno ambayo ameyasema kila alipotembelea mtu tangu apate akili zake:

"Asanteni sana. Sisi tumeaga. Nanyi karibuni kwetu."

Ndani, kiti kilikwaruza sakafu.

Panya, akajisemea, na akaharakisha kuwafuata wenzake. Hakumwambia mtu. Walikatazwa kuongea, naye ameongea, na kwa mwanamke wa aina yake hiyo ilikuwa aibu ya kutosha kumfunga mdomo.

*

Baada ya kile kiti, ikafuata sahani.

Bi Samahani aliviweka vyombo kwenye kichanja kwa mpangilio wake, sahani kushoto, vikombe kulia. Sasa akirudi kutoka kazini alivikuta vimeoshwa vizuri, vimekauka, lakini vikombe viko kushoto. Tena palikuwa na kikombe cha ziada kilichotumika, kile chenye ua ambacho hutolewa kwa wageni tu, na kwenye ukingo wake unga mweupe kidogo uliofutika kwa kidole.

Jioni moja walikuwa wakila, akauliza bila kuinua macho.

"Mchana ulikula wapi?"

"Wapi tena? Hapa hapa," Kapteni akajibu. "Si ulinipakulia mwenyewe?"

Kijiko kilimsimama mkononi. "Mimi?"

"Kwani nina mke mwingine? Tena leo ulinibembeleza niongeze mpaka nikashindwa kufunga mkanda."

Akacheka. Bi Samahani naye akacheka, maana ndivyo alivyozoea, lakini chakula kilimgeuka mdomoni kikawa pumba. Mchana hakuwahi kurudi nyumbani. Kliniki ilikuwa upande wa pili wa mji, na saa za mchana ndizo ambazo wagonjwa humiminika. Na Kapteni alijua hivyo.

Uongo wa wanaume aliufahamu kwa kuwasikia wengine wakisimulia. Mwanamume muongo husema amekula kazini, husema hana njaa. Huyu wa kwake anasema amelishwa na mkewe, kwa uso mkavu, na ukimtazama macho yake huoni doa. Basi ama amekuwa bingwa, ama anamfanya yeye mjinga. Usiku huo alilala akimpa mgongo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakumwambia "lala salama".

Alianza kupekua. Aliionea haya nafsi yake na mikono yake, lakini alipekua. Simu haikuwa na kitu. Mifuko haikuwa na kitu. Kwenye kola za mashati alitarajia manukato, akapata harufu ambayo ilimtatiza: chokaa mbichi na maji ya kisima. Aliijua, ila hakukumbuka ameikuta wapi.

"Mwanamke gani anajipaka chokaa?" alimuuliza Wifi pale saluni, kwa sauti ya chini, mteja akiwa amefunikwa kichwa na mashine inayonguruma.

"Labda mke wa mpaka rangi." Wifi alisema hivyo bila kucheka. "Ila kama kuna mtu, kaka yangu nitamng'oa masikio. Nakwambia mwanamke yupo. Anaingia mchana, anatoka kabla hujarudi. Na ni msafi, huyo. Mwizi msafi ni mbaya kuliko mchafu, kwa sababu humwoni alipopita."

"Ninyamaze au nimuulize?"

"Nyamaza. Tutamfumania."

Kabla ya kufumania, akaja jirani wa ukuta mmoja, mama mpole asiye na majungu, akamsimamisha Bi Samahani kwenye lango.

"Jirani, asante kwa jana. Siku hizi umechangamka jamani! Ulivyonikaribisha, ulivyonikalisha, nikasema leo nimepata shoga." Akamshika mikono, akaigeuza. "Aa, leo ina joto. Jana ilikuwa ya baridi, kama ya mtu aliyetoka kufua."

"Jana saa ngapi, jirani?"

"Mchana. Umesahau mara hii?"

Bi Samahani alisema hakusahau. Alisema asante. Aliingia ndani, akaketi kitandani bila kuvua viatu, na hapo ndipo shaka ilipogeuka ikawa kitu kingine. Mwanamke wa nje angemdanganya Kapteni, na Kapteni angemdanganya mkewe. Lakini jirani huyu alikuwa akimwona yeye kila siku ya Mungu. Angewezaje kukosea? Basi huyo aliyekuwa akiingia humo hakuja kumchukua mume peke yake. Alikuwa anachukua kiti chake, vyombo vyake, majirani zake na uso wake, kidogo kidogo, na siku akimaliza, yeye atakuwa nani?

*

Walikwenda mchana, jua likiwa utosini, mtaa umelala. Bi Samahani aliomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha kichwa, na Wifi akamwacha mteja nusu kichwa kimesukwa nusu hakijasukwa. Hawakupitia mlango wa mbele. Walizunguka nyuma, wakainama chini ya kamba ya nguo, wakajibanza chini ya dirisha la jikoni ambalo pazia lake lilikuwa limeshushwa, na Bi Samahani akajua papo hapo kwamba asubuhi aliliacha limefunguliwa.

Mwanzo ilisikika sauti ya kijiko kikigonga sufuria. Kisha kandambili zikiburuzwa, kwa mwendo usio na haraka, mwendo wa mtu aliye kwake. Kisha Kapteni akacheka, kicheko chake cha kweli na si kile cha kazini, na mwanamke akacheka pamoja naye, na kicheko hicho kilipoanza Wifi aliukunja uso kwa hasira, akakunja na mikono ya blauzi, tayari kuruka, lakini kilipoendelea uso wake ulilegea, rangi ikamtoka, akageuza shingo polepole kumtazama wifi yake aliyechuchumaa ubavuni pake, akamtazama mdomo, mdomo ambao ulikuwa umefumbwa.

"Ongeza kidogo, bwana, utaondoka na njaa," ile sauti ikasema ndani. "Samahani, nimeweka chumvi nyingi?"

Wifi alimshika mkono Bi Samahani akambana mpaka kucha zikazama.

"Wifi," alinong'ona. "Nani huyo anaongea?"

"Mimi," Bi Samahani akajibu, machozi yakimtiririka. "Hiyo ni sauti yangu."

"Lakini wewe uko hapa."

"Niko hapa. Nishike. Usiniachie."

Ndani, kijiko kiliacha kugonga. Kandambili zikaburuzwa, safari hii kuja upande wao, zikavuka jikoni yote bila kusita, zikasimama nyuma ya pazia, karibu kiasi kwamba ile harufu ya chokaa mbichi na maji ya kisima ikawashukia vichwani kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa, na hapo hatimaye Bi Samahani akakumbuka ni wapi alipoinusa, akakumbuka viti na meza fupi na michirizi ya ufagio, akakumbuka na maneno yake mwenyewe, na kabla hajaweza kupumua, mtu huyo wa ndani alikohoa kidogo kwa adabu, kama anavyokohoa yeye akitaka kuingia ofisini kwa daktari.

"Samahani," sauti ikauliza kwa upole, "kuna mtu hapo?"

Walitimua mbio. Wifi aliacha kiatu kimoja chini ya kamba ya nguo na mpaka leo hajarudi kukichukua.

*

Wifi alimjua bibi mmoja muuza mapazia. Mapazia aliyauza kweli, na mazuri, lakini watu waliokuwa na mambo majumbani walimwita kwa sababu nyingine, naye alikuja na futi yake shingoni, na aliyekuwamo ndani, awe mtu au asiwe mtu, alidhani amekuja kupima madirisha.

Alipima sebule, akapima chumbani. Chumba cha wageni aliingia peke yake. Walimsikia akivuta futi, kisha wakasikia kimya, kisha akatoka na jasho kwenye mdomo wa juu. Aliwapungia mkono watoke. Hakufungua kinywa mpaka walipofika nje kabisa, ng'ambo ya barabara, Bi Samahani, Wifi na Kapteni ambaye alikuwa ameelezwa yote na hakuamini hata moja.

"Nani kamwalika?" bibi akauliza.

"Hakuna aliyealikwa, Bibi," Kapteni alisema. "Mke wangu amechoka tu, na dada yangu anamtia maneno."

"Mwanangu, nimekuuliza jambo dogo. Mle ndani mna mgeni. Amekaa vizuri, miguu ameiweka pamoja, amenisalimia. Mvamizi hasalimii. Nani kamwalika?"

Kapteni, akitazama viatu vyake, akasema kwamba mzee aliyemfundisha kazi alimwonya kuhusu nyumba ile ya kisiwani. Usiongee ndani. Zaidi ya yote, usisalimie wala usishukuru.

"Na wewe ukatuambia kuta zinaumwa!" Wifi akaruka.

"Ningewaambia kweli mngeogopa. Picha zingeharibika."

"Ni mimi," alisema Bi Samahani. Sauti ilimtoka nyembamba. "Siku zote nimekuwa nikikushuku wewe, mume wangu. Nimekupekua mpaka soksi. Na kumbe ni mimi. Nilisema nanyi karibuni kwetu."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Bibi alizungusha futi yake kwenye vidole, taratibu.

"Aliyevamia hufukuzwa. Huyu kaja kwa mwaliko, tena mwaliko wa mama mwenye nyumba. Nikimfukuza atanicheka. Mgeni husindikizwa. Kesho asubuhi simama kwenye mlango wa chumba chake, mwambie twende tukusindikize. Subiri ainuke, utasikia kiti. Mfikishe kwake, mwambie kwaheri. Kwaheri tu. Ukimaliza, ufunge mdomo."

"Na asipotaka kwenda?"

"Ndiyo hatari yenyewe. Mgeni akikaa sana hujua vyombo viko wapi. Kisha hutaka kuwa mwenyeji. Anakaribisha majirani, sivyo? Anamlisha mumeo. Amebakiza mtu mmoja tu wa kumkaribisha, ni wewe. Siku utakayosimama mlangoni, akakukaribisha, ukamjibu neno lolote, mmeshabadilishana. Na ile tabia yako ya kupiga hodi kwako mwenyewe, wifi yako kaniambia. Iache. Iache leo."

*

Asubuhi, jua likiingia vizuri dirishani, Bi Samahani alisimama mbele ya mlango wa chumba cha wageni akapiga moyo konde.

"Mgeni wetu, tumefurahi. Sasa twende tukusindikize."

Walisubiri. Kisha ndani kiti kikakwaruza sakafu, mkwaruzo mrefu, na Wifi akamsukuma wifi yake mgongoni: twende, twende, kainuka.

Boti ilipita penye lile tangazo lenye muhuri bila mtu kulitazama. Nahodha hakuuliza maswali. Katikati ya maji Bi Samahani alianza kunusa hewa.

"Wifi, unasikia harufu?"

"Ya petroli."

"Hiyo tu?"

"Ulitaka ya nini tena? Acha kuchokonoa."

Basi aliacha. Petroli ni kali, akajiambia, humeza kila kitu. Lakini alikuwa amekaa akiacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, kwa adabu, na nafasi hiyo ilikuwa tupu kwa namna ambayo haikumridhisha.

Nyumba ya kisiwani ilikuwa vilevile, isipokuwa baraza. Majani makavu yalikuwa yamejikusanya mlangoni, na ndani, kadiri macho yalivyofika, vumbi lilikuwa limetanda sakafuni kote. Hapakuwa na mchirizi hata mmoja wa ufagio. Bi Samahani aliyatazama majani hayo kwa muda. Kisha akasema "kwaheri", akaufunga mdomo, akauma ulimi mpaka akaonja damu, maana neno la pili lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nyumba haikujibu. Walirudi. Wifi aliimba njia nzima.

Na kweli, nyumba ilitulia. Kiti kilikaa chini ya kimeza. Vikombe vilikaa kulia. Kapteni alikula mchana kazini na kulalamika kuhusu chakula cha huko, na mkewe alipenda malalamiko hayo kuliko wimbo wowote. Jirani alinung'unika kwamba shoga yake amepoa tena. Bi Samahani naye alibadilika. Alijifunza kuagana na wagonjwa kwa kutikisa kichwa tu, hadi daktari akamuuliza kama anaumwa. Aliingia nyumbani kwake bila hodi, ufunguo, mlango, ndani, na kila mara aliona haya kana kwamba ameingia bila nguo. Lakini aliingia. Ni kwake. Alijirudia hivyo kila siku, kwake, kwake, mpaka akaanza kuamini.

Alasiri moja alipitia kwa yule bibi kumshukuru, na kwa furaha akanunua mapazia ya nyumba nzima. Aliyabeba mwenyewe, bunda lililomfika kidevuni, mikoba ya sokoni ikining'inia kwenye viwiko. Ilikuwa siku ya mapumziko ya Kapteni. Kutoka langoni alimsikia ndani akipiga mluzi, akajisikia mwepesi, akajisikia mwanamke mwenye mume na nyumba na mapazia mapya. Ufunguo ulikuwa chini kabisa ya mkoba. Akaugonga mlango kwa goti.

"Hodi humu!"

Lilimtoka kwa kicheko. Alilisikia likitoka, akatamani kulidaka hewani alirudishe.

Mluzi ulikoma. Kandambili zikaburuzwa, bila haraka, na chini ya mlango ikatambaa harufu ya chokaa mbichi na maji ya kisima, na wakati zile kandambili zikija, Bi Samahani aliyaona tena majani makavu kwenye baraza la nyumba ambayo mwenyeji wake hakuwa amerudi, na akausikia tena ule mkwaruzo wa kiti asubuhi ile ya kusindikiza, na akaelewa, akiwa amekumbatia mapazia yake kama mtoto, kwamba kiti hukwaruza vilevile mtu anapokivuta ili akae vizuri zaidi.

"Karibu," sauti yake mwenyewe ikasema nyuma ya mlango.

Hakujibu. Aliibana midomo, akabana na meno, akatikisa kichwa peke yake pale nje. Hatajibu. Hata wakimkalisha hapo mpaka kiyama.

Kitasa kikazunguka, na aliyefungua ni Kapteni. Mumewe, fulana yake ya nyumbani, kovu lake la kidevu. Kapteni alimtazama usoni, akayatazama mapazia, na taratibu akatabasamu lile tabasamu lake la kazini, lile la wageni.

"Karibu, dada," alisema. "Wewe ndiye wa mapazia? Mke wangu yuko ndani, anakusubiri."

Nyuma yake, ukumbini, mwanamke aliyevaa gauni lake la buluu alikuwa akijifuta mikono. Bi Samahani alikuwa na mengi ya kusema. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumshika Kapteni kola na kumtajia mambo ambayo wanayajua wao wawili tu. Lakini Kapteni alikuwa amesimama akingoja, mpole, asiyemjua tena tangu ile hodi, naye alikuwa mlangoni kwa watu na mzigo mikononi, amewakatiza mapumziko yao, na mdomo ukafanya kile ambacho umefanya maisha yake yote.

"Samahani," alisema.

"Bila samahani," sauti yake ikamjibu kutoka ndani, na katika chumba cha wageni kiti kikavutwa.